Tabora na Uvinza: makutano mawili ya reli ambayo Burundi inayasubiri

Burundi haijawahi kuwa na reli. Tarehe 16 Agosti 2025 jiwe la msingi la reli ya kwanza liliwekwa Musongati, kusini-mashariki mwa nchi, mbele ya Rais Évariste Ndayishimiye na Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Tangu siku hiyo swali linaloulizwa sokoni na majumbani ni moja: treni itafika lini?

Jibu la swali hilo haliko Musongati peke yake. Reli ya Burundi ni tawi, na tawi haliwezi kutumika kabla ya shina lake. Shina hilo linapita Tabora na Uvinza, nchini Tanzania, mahali ambapo njia ya reli inagawanyika. Anayetaka kujua kama mradi unasonga mbele hana budi kutazama kazi za miji hiyo miwili. Makala hii inaeleza makutano ya reli ni kitu gani, kwa nini Tabora ina uzito mkubwa kiasi hicho, kazi za ujenzi zilikuwa zimefikia wapi kufikia mwaka 2025, na ni ishara zipi zitakazoonyesha kwamba treni inakaribia.

Makutano ya reli hufanya kazi gani

Barabarani dereva hugeuza usukani akaenda anakotaka. Dereva wa treni hana usukani. Gurudumu la chuma hufuata reli iliyo chini yake. Kwa hiyo pale njia moja inapozaa mbili, vipande viwili vya reli vyenye ncha nyembamba husogezwa upande huu au upande ule ili kuielekeza treni. Zamani mtu alivisogeza kwa mkono, kwa kuvuta wenzo. Leo kazi hiyo hufanywa na mota ya umeme inayoongozwa kutoka chumba cha uongozaji kilicho mbali.

Usalama wa makutano hutegemea kanuni moja: taa ya ruhusa haiwaki mpaka vipande hivyo viwe vimekaa mahali pake na kufungwa, na mpaka ihakikishwe kwamba hakuna treni nyingine iliyopewa njia ileile. Mitambo ya kusogeza reli na taa hufungamanishwa ili kimoja kisiweze kwenda kinyume cha kingine. Ndiyo maana kazi ya mawasiliano na ishara katika makutano huchukua muda mrefu kuliko katika kilomita kumi za njia iliyonyooka porini.

Makutano makubwa huhitaji pia mambo mengine matatu. La kwanza ni njia za kusubiria, ambako treni moja husimama ili nyingine ipite. La pili ni uwanja wa kupanga mabehewa, ambako shehena zilizokuja pamoja hutenganishwa kufuatana na ziendako. La tatu ni karakana, ambamo vichwa vya treni na mabehewa hukaguliwa na kutengenezwa. Likikosekana mojawapo, treni huanza kupanga foleni, na foleni ya makutano moja husikika katika mtandao wote.

Tabora, fundo la zaidi ya miaka 100

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa Februari 1914. Mwaka huohuo wa 1914 Wajerumani walianza tawi jipya kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Vita Kuu ya Kwanza ikaikatiza kazi hiyo ikiwa bado changa. Kwa hiyo wazo la kuifanya Tabora mlango wa reli wa nchi za Maziwa Makuu lina umri wa zaidi ya karne moja, na mara ya kwanza lilikwama papo hapo.

Baada ya vita Waingereza walijenga tawi kutoka Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Baadaye lilijengwa tawi jingine kutoka Kaliua, magharibi ya Tabora, hadi Mpanda. Burundi na Rwanda zilipokuwa chini ya Ubelgiji, bidhaa zake zilipita njia hiyohiyo: Wabelgiji walipata kwa mkataba wa mwaka 1921 maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, na shehena zikawa zinasafiri kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa meli hadi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo.

Historia hiyo wasikilizaji wetu wengi hawaihitaji kusimuliwa, kwani imo katika ukoo wao. Familia za Buyenzi na Rumonge zina ndugu Ujiji, Kigoma na Tabora. Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, yaliyopokea Warundi waliokimbia mwaka 1972, yako katika ukanda huohuo wa magharibi mwa Tanzania. Kwa watu hao, reli ni njia ya kwenda kuzika, kuoa na kusalimia jamaa, mbali na kuwa njia ya kubebea mizigo.

Aliyewahi kusafiri kwa treni ya zamani ya abiria anaikumbuka stesheni ya Tabora kwa jambo moja: kusubiri. Treni iliyotoka Dar es Salaam ilikatwa vipande hapo. Mabehewa ya Mwanza yakaunganishwa na kichwa kimoja, ya Kigoma na kingine, na ya Mpanda nayo yakatengwa. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Wachuuzi wa stesheni walijua ratiba yake kuliko abiria. Hilo ndilo fundo ambalo ujenzi wa sasa unakusudia kulifungua.

Kwa nini reli ya zamani haipanuliwi tu

Upana kati ya reli mbili za njia moja huitwa geji. Reli ya Kati ya zamani ina geji ya milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Reli mpya ina geji ya milimita 1,435, ambayo ndiyo inayotumika katika nchi nyingi duniani. Kifupi chake kinachosikika kila siku ni SGR. Behewa lililotengenezwa kwa geji moja haliwezi kupita katika nyingine.

Tanzania inalijua tatizo hilo kwa uzoefu. Reli ya TAZARA, inayokwenda Zambia, ina geji ya milimita 1,067. Inakutana na tawi la Reli ya Kati mahali paitwapo Kidatu, mkoani Morogoro. Tofauti ya geji hapo ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja cha mtu. Hata hivyo, kwa sababu ya milimita hizo 67, shehena lazima ishushwe kutoka behewa moja na kupakiwa katika jingine. Kila kushusha na kupakia ni saa zinazopotea, ujira unaolipwa, na mzigo unaoweza kuharibika au kupungua.

Mbali na geji, reli mpya imesanifiwa kubeba uzito wa tani 35 kwa kila ekseli, kupitisha treni za abiria kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa na za mizigo hadi kilomita 120 kwa saa, na kuendeshwa kwa umeme wa kilovolti 25. Uongozaji wake unatumia mfumo wa Ulaya wa ETCS wa daraja la 2, ambao humpa dereva maelekezo kwa mawasiliano ya redio ndani ya kichwa cha treni. Tuta la zamani, madaraja yake na kona zake havikujengwa kwa uzito na mwendo wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo njia mpya inajengwa kando ya ile ya zamani, na ya zamani inaendelea kutumika.

Jambo hilo lina faida na gharama kwa mji wa Tabora. Faida ni kwamba treni za zamani hazikusimama kupisha ujenzi. Gharama ni kwamba kwa kipindi fulani mji mmoja utakuwa na reli mbili zisizoweza kupeana mabehewa. Sehemu yoyote ya SGR itakayofunguliwa kabla ya inayofuata italazimu shehena kuhamishwa, kama inavyofanyika Kidatu.

Kazi zimefika wapi

Ujenzi umegawanywa katika vipande, na kila kipande kina mkataba wake. Hali ilivyokuwa kufikia katikati ya mwaka 2025 ni kama ifuatavyo:

– Dar es Salaam hadi Morogoro, takriban kilomita 205. Ujenzi ulizinduliwa Aprili 2017. Treni za abiria zilianza tarehe 14 Juni 2024.

– Morogoro hadi Makutupora, takriban kilomita 336. Mkataba ulitiwa saini mwaka 2017. Treni za abiria zilianza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huduma rasmi tarehe 1 Agosti 2024.

– Makutupora hadi Tabora, takriban kilomita 294. Mkataba wa Desemba 2021 na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki. Kazi ilikuwa chini ya asilimia 20.

– Tabora hadi Isaka, takriban kilomita 130. Mkataba wa Julai 2022 na kampuni hiyohiyo. Kazi ilikuwa chini ya asilimia 10.

– Isaka hadi Mwanza, takriban kilomita 249. Mkataba wa Januari 2021 na kampuni za China, CCECC na CRCC. Kazi ilikuwa imevuka asilimia 60.

– Tabora hadi Kigoma, takriban kilomita 411. Mkataba wa Desemba 2022 na kampuni hizohizo za China. Kazi ilikuwa chini ya asilimia 10.

– Uvinza hadi Musongati, takriban kilomita 240. Mkataba wa Januari 2025 na kampuni nyingine mbili za China, wenye thamani ya zaidi ya dola za Marekani bilioni 2. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2025.

Ufafanuzi mmoja unahitajika hapa, kwani takwimu za urefu huwachanganya wengi. Baadhi ya taarifa hutaja urefu wa njia kuu peke yake, na nyingine hujumlisha njia za kupishania treni na za stesheni. Ndiyo sababu kipande cha Tabora hadi Kigoma husemwa kuwa kilomita 411 mahali pamoja na 506 mahali pengine, na kile cha Uvinza hadi Musongati kilomita 240 au 282. Takwimu zote mbili ni sahihi; zinahesabu vitu tofauti.

Ukiitazama orodha hiyo pamoja na ramani, jambo moja linajitokeza. Upande wa mashariki, kutoka pwani hadi katikati ya nchi, treni zinatembea. Upande wa kaskazini, kuelekea Mwanza, kazi imevuka nusu. Vipande vitatu vilivyokuwa nyuma ni vile vinavyokutana Tabora: unaoingia kutoka Makutupora, unaokwenda Isaka na unaokwenda Kigoma. Kwa maneno mengine, mtandao umekuwa ukikua kutoka kwenye ncha zake, ilhali fundo linalounganisha ncha hizo bado lilikuwa katika hatua za mwanzo.

Athari yake inaonekana wazi zaidi kwa Isaka hadi Mwanza. Hata kipande hicho kikikamilika kesho, kitakuwa kisiwa cha reli mpya mpaka Tabora iunganishwe. Na Tabora hadi Kigoma, ambacho ndicho kipande kinachopita Uvinza, kiko katika hali hiyohiyo.

Zaidi ya hapo, njia kuu inajengwa ikiwa ya reli moja, si mbili sambamba. Treni zinazokwenda na zinazorudi hupishana katika njia za kusubiria. Shehena ya Mwanza, ya Isaka, ya Kigoma na ya Burundi zote zitapita katika reli hiyo moja kati ya Makutupora na Tabora, ndipo zigawanyike. Hivyo uwezo wa makutano ya Tabora kupokea, kupanga na kuachia treni kwa wakati ndio utakaoamua ni treni ngapi kwa siku zinaweza kupata nafasi ya kuja Burundi.

Asilimia husema nini

Taarifa za maendeleo hutolewa kwa asilimia, na ni rahisi kuzisoma vibaya. Asilimia ya kazi huunganisha mambo mengi: upimaji na usanifu, kambi za wafanyakazi, ununuzi wa vifaa, kukata na kujaza udongo, makalavati na madaraja, kutandika mataruma na reli, kumwaga kokoto, kusimika nguzo za umeme, na mwisho ishara na mawasiliano. Asilimia za mwanzo huliwa na kazi ambazo mpita njia hazioni kuwa reli: barabara za muda, machimbo ya kokoto, viwanda vya mataruma ya zege, tuta la udongo. Kwa hiyo asilimia 8 haimaanishi kwamba hakuna kilichofanyika.

Kinyume chake nacho ni kweli. Asilimia kubwa haimaanishi kwamba treni iko tayari. Mkataba wa Dar es Salaam hadi Morogoro ulipangwa kuchukua miezi 30 kuanzia mwaka 2017. Abiria wa kwanza walipanda mwaka 2024, miaka saba baada ya uzinduzi. Sehemu ndefu ya muda huo kipande hicho kilitangazwa kuwa karibu kukamilika. Kilichokuwa kinasubiriwa ni mambo ya mwisho ambayo hayaonekani kwa kilomita: umeme wa kutosha na wa uhakika, mitambo ya ishara, vichwa vya treni na mabehewa, mafunzo ya madereva, na majaribio ya usalama.

Msomaji wa Burundi ana haki ya kutumia kipimo hicho. Akisikia kwamba tuta limekamilika, ajue kuwa bado kuna reli. Akisikia kwamba reli imetandikwa, aulize umeme. Akisikia kwamba umeme umewaka, aulize ishara na mabehewa.

Uvinza, njia ya kuelekea Musongati

Uvinza ni mji mdogo wa mkoa wa Kigoma unaojulikana kwa chumvi. Chemchemi zake za maji ya chumvi zimetumika kwa karne nyingi, na kabla ya ukoloni chumvi hiyo ilisafirishwa mbali, hadi Buha na Burundi. Treni za Reli ya Kati zimekuwa zikisimama hapo tangu mwanzo, lakini kama stesheni ya kupita, si makutano.

Mradi mpya unaibadilisha hali hiyo. Kutoka Tabora hadi Uvinza ni takriban kilomita 300. Hapo njia itagawanyika: moja itaendelea hadi Kigoma na ziwani, nyingine itapinda kuelekea kaskazini. Hiyo ya pili itakwenda takriban kilomita 156 ndani ya Tanzania hadi mto Malagarasi mpakani, kisha kilomita 84 ndani ya Burundi hadi Musongati, katika mkoa wa zamani wa Rutana ambao sasa ni sehemu ya mkoa wa Burunga. Safari nzima kutoka Dar es Salaam hadi Musongati itakuwa kati ya kilomita 1,350 na 1,400.

Musongati haikuchaguliwa kwa bahati. Hapo kuna hazina kubwa ya nikeli, madini mazito ambayo hayawezi kusafirishwa kwa faida kwa malori umbali wa namna hiyo. Reli inahitaji mzigo wa kwenda pwani ili treni zisirudi tupu, na madini yanahitaji reli ili yauzike. Mpango wa baadaye ni kuiendeleza njia kutoka Musongati hadi Gitega na Bujumbura, kisha Uvira na Kindu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Lakini mpangilio huo unaleta swali kwa mfanyabiashara wa kawaida. Musongati si Bujumbura. Mpaka njia iendelezwe, kontena la mchele au la vipuri litakaloshushwa Musongati litahitaji lori kwa safari iliyobaki. Bidhaa zinazokwenda Bujumbura zitakuwa na chaguo la pili: kuendelea na treni kutoka Uvinza hadi Kigoma, kisha kuvuka ziwa kwa meli. Makutano ya Uvinza yatakuwa mahali pa kuchagua kati ya njia hizo mbili, na ushindani wa bei kati yake ndio utakaomfaa mnunuzi.

Nani anagharimia

Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban dola milioni 696 kwa ajili ya awamu hii, inayojumuisha Tabora hadi Kigoma na Uvinza hadi Musongati, jumla ya kilomita 651 za njia kuu. Kati ya fedha hizo, takriban dola milioni 598 ni mikopo na dhamana kwa Tanzania, na takriban dola milioni 98 ni ruzuku kwa Burundi. Gharama ya awamu nzima ilikadiriwa kuwa dola bilioni 3.9, na benki hiyo ilijitwika kazi ya kutafuta wakopeshaji wengine.

Tofauti kati ya ruzuku na mkopo ni muhimu. Ruzuku hailipwi, mkopo hulipwa, treni ziwe zimejaa au tupu. Fedha zilizoidhinishwa kwa upande wa Burundi hazifikii gharama yote ya kilomita 84, kwa hiyo sehemu iliyobaki lazima itoke kwa wakopeshaji, washirika au hazina ya taifa. Kasi ya ujenzi itategemea fedha hizo kupatikana kwa wakati, kwani mkandarasi anayesubiri malipo hupunguza mashine na watu.

Ardhi na fidia

Njia ya reli haipindi kirahisi kama barabara ya kijiji. Kona zake lazima ziwe pana na miinuko yake midogo, hasa kwa treni nzito za mizigo. Kwa hiyo mashamba, nyumba na makaburi yaliyo katika mstari huo huhamishwa. Makutano na stesheni huchukua eneo kubwa zaidi kuliko njia yenyewe, kwa sababu ya viwanja vya mabehewa, karakana na vituo vya kupozea umeme.

Magharibi mwa Tanzania ardhi bado ni pana, ingawa fidia iliyochelewa humwumiza mkulima popote alipo. Burundi, familia nyingi za vijijini hulima chini ya hekta moja. Kanuni ya Ardhi ya mwaka 2011 inataka anayechukuliwa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki kabla ya kuondolewa. Wenye mashamba katika tarafa ambazo njia itapita wanashauriwa kuhakikisha kwamba majina yao, mipaka ya mashamba na mazao yao yameandikwa sahihi wakati wa uthamini, na kubaki na nakala ya walichosaini. Kosa la wakati wa uthamini ni vigumu kulisahihisha baada ya trekta kupita.

Shehena inapita wapi kwa sasa

Wakati ujenzi ukiendelea, sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi inaendelea kupita bandari ya Dar es Salaam na kuja kwa malori kupitia mpaka wa Kobero, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bujumbura. Kila kupanda kwa bei ya mafuta, na kila siku ambayo lori linasimama, huingia katika bei ya mfuko wa saruji na ya kilo ya sukari.

Njia ya pili ni reli ya zamani hadi Kigoma, kisha ziwani. Njia hii haihitaji kusubiri SGR, lakini ina udhaifu wake: uchache wa vichwa na mabehewa, na mafuriko ya mara kwa mara katika bonde la mto Mkondoa, wilayani Kilosa, ambayo yamewahi kuikata Reli ya Kati. Makutano ya zamani ya Tabora yanabaki kuwa mahali ambapo behewa la Kigoma hutenganishwa na la Mwanza, na ambapo siku huweza kupotea.

Mambo ya kufuatilia

Kwa anayetaka kupima maendeleo bila kutegemea hotuba za uzinduzi, dalili zifuatazo zina maana kuliko tarehe zinazotajwa:

1. Treni kuvuka Makutupora. Siku treni ya majaribio itakapofika Tabora kutoka mashariki, shina litakuwa limekamilika. Kabla ya siku hiyo, kipande cha Burundi hakina cha kuunganishwa nacho.

2. Uwanja wa Tabora. Njia za kusubiria, karakana na mitambo ya ishara zikijengwa pamoja na njia kuu, makutano yatakuwa tayari kupokea matawi yote. Zikiahirishwa, msongamano wa zamani utarudi katika geji mpya.

3. Tabora hadi Uvinza. Mkandarasi akiianza sehemu hii mapema, Burundi inaweza kuunganishwa hata kabla ya kilomita za mwisho za kuingia Kigoma kukamilika.

4. Daraja la Malagarasi. Ni mahali ambapo mikataba ya nchi mbili hukutana katika zege moja, na ambapo taratibu za forodha lazima zikubaliwe kabla ya treni ya kwanza.

5. Umeme. Njia za kusafirishia umeme na vituo vya kupozea upande wa magharibi vitahitajika katika urefu wote hadi Musongati.

6. Mabehewa na vichwa. Reli bila treni za kutosha ni tuta lenye chuma juu yake.

Taarifa za kila kipande hutolewa na Shirika la Reli Tanzania (TRC) na wizara husika za nchi hizi mbili, hasa wakati wa bajeti, ambapo mawaziri huwaeleza wabunge asilimia iliyofikiwa. Katika mkutano wa bajeti ujao, takwimu ya kusikiliza kwanza ni ya Makutupora hadi Tabora, kisha ya Tabora hadi Kigoma. Zikipanda pamoja, treni ya Burundi inasogea. Ikipanda ya Musongati peke yake, tutakuwa na reli nyumbani isiyo na mahali pa kwenda.